Safari ya Nchi ya Kigeni Huanzia Nyumbani
Mazungumzo kwa watu wa Myanga na jirani zao wa Bungoma na Kitale



Reli ya kwenda Uganda hupita Myanga, na kwa sababu hiyo watu wa hapa hawakuanza leo kuzoea habari za nchi za kigeni. Mpaka wa Malaba u karibu. Wateso wako pande zote mbili za mpaka huo, na Mbukusu akifika Mbale husikilizana na Mgisu bila kuhitaji mkalimani. Tena mpaka wenyewe si wa kale sana. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda, kisha ikakatwa na kutiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Haishangazi, basi, kwamba mtu wa Myanga hukua akiona kuvuka kwenda nchi ya pili ni jambo jepesi, kama kwenda sokoni.

Lakini siku hizi vijana wengi wanaoaga nyumbani hawaendi Mbale wala Jinja. Wanakwenda Riyadh, Jeddah, Dubai na Doha, wanawake kufanya kazi za nyumbani, wanaume kuwa madereva, walinzi na mafundi. Hapana mtu mwenye haki ya kuwadharau kwa safari hizo. Mwaka 2024 Wakenya walioko nchi za nje walituma kwao fedha zilizokaribia dola bilioni 5, kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya. Fedha hizo zimelipa karo, zimeezeka nyumba kwa mabati na zimenunua ng'ombe wa maziwa. Faida ipo, na kila mtu aiona.

Hasara nayo ipo, ila haionekani upesi. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaarifu wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika muda wa miaka kama miwili, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa nyumbani. Zaidi ya hao wako waliorudi bila mshahara, na waliokaa miezi mingi bila jamaa zao kujua wako nyumba gani. Mazungumzo haya hayakusudii kumzuia mtu kusafiri. Yakusudia kuonyesha kwamba usalama wa msafiri hutengenezwa kwa sehemu kubwa nyumbani, kabla hajapanda ndege.

FUNZO LA UGANDA

Yafaa kuanza na nchi iliyo karibu. Tangu mwaka 2014 Mkenya ameweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa, bila pasipoti. Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yamefungua njia zaidi. Hata hivyo mtu hukosea akidhani ruhusa moja ni ruhusa zote. Kupita si kukaa, na kukaa si kufanya kazi. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina karatasi yake. Aingiaye Uganda kutembelea ndugu hupewa muda maalumu wa kukaa. Atakaye kuajiriwa huko hana budi kuwa na kibali cha kazi.

Wazee wanaukumbuka mwaka 1970. Katika mwaka huo serikali ya Uganda iliamuru vibarua wa kigeni waondoke, na Wakenya kwa maelfu, wengi wao wenyeji wa upande huu wa magharibi, wakarudishwa kwao kwa muda mfupi. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa huko miaka mingi, wakawa wanajiona wenyeji. Walikuwa wamezoea nchi, lakini nchi haikuwa imewaandika. Mtu aliye ugenini hulindwa na karatasi yake kuliko mazoea yake. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo Uganda, ambako lugha zakaribiana na nyumbani ni mwendo mfupi, sembuse nchi za mbali.

UDHAMINI WA NCHI ZA ARABUNI

Katika nchi za Arabuni mfanyakazi wa kigeni hukaa kwa udhamini. Utaratibu huo huitwa kafala. Ruhusa yake ya kuwa nchini imefungwa katika jina la mwajiri mmoja, na akimwacha mwajiri huyo bila kufuata sheria, hesabu yake huwa ni mtoro. Mwajiri aweza kupeleka taarifa kwamba mfanyakazi ametoroka, na kuanzia hapo mfanyakazi huyo aweza kukamatwa, hata kama aliyekosa ni mwajiri.

Nchi hizo si za namna moja, wala sheria zake hazikusimama mahali pamoja. Qatar ilibadili sheria zake mwaka 2020, na wafanyakazi wa nyumbani nao wakapata haki ya kubadili mwajiri. Saudi Arabia ililegeza masharti mwaka 2021, lakini mabadiliko hayo hayakuwagusa watumishi wa nyumbani, madereva wa nyumbani, watunza bustani wala wachungaji. Kanuni nyingine za Saudi Arabia, zilizoanza Oktoba 2024, zasema kazi ya nyumbani isizidi saa 10 kwa siku, na mfanyakazi apewe siku nzima ya kupumzika kila juma. Katika Falme za Kiarabu sheria yataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike saa 12 kila siku, na 8 kati ya hizo zifuatane. Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu zote zimekataza mwajiri kuishika pasipoti ya mfanyakazi.

Kwa nini basi taabu haziishi? Sababu ni kwamba mfanyakazi wa nyumbani yuko ndani ya nyumba ya mtu, mahali ambapo mkaguzi haingii kila siku. Sheria nzuri isiyojulikana kwa mtu inayemhusu haimfai kitu. Kwa hiyo kila msafiri na aulize kabla ya kwenda: sheria ya nchi hiyo yasemaje juu ya kazi ya namna yangu? Je, Kenya ina ubalozi huko? Ubalozi upo Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Kuwait na Muscat. Huko Lebanon, mwaka 2020, fedha ya nchi ilipoanguka na bandari ya Beirut ikalipuka tarehe 4 Agosti, wanawake wa Kenya walioachishwa kazi walilala nje ya ofisi ya konseli wa heshima, kwa kuwa hapakuwa na ubalozi kamili wa nchi yao. Swali dogo likiulizwa mapema laweza kumwepusha mtu na usiku kama ule.

WAKALA WA KWELI NA WA UONGO

Wakala wa uongo hana alama usoni. Mara nyingi ni mtu anayejulikana, labda aliyesoma shule moja na kaka wa msafiri, au mama aliyesali naye kanisa moja. Huja na picha za majumba katika simu, akasema nafasi ni chache na siku ya mwisho ni kesho. Haraka hiyo ndiyo ishara ya kwanza ya hatari.

Wakala wa kweli ameandikishwa na serikali. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, huweka orodha ya mawakala walioandikishwa, na orodha hiyo husomwa katika intaneti bila malipo. Haitoshi kuonyeshwa cheti ukutani, kwa maana cheti cheti hufutwa. Mwezi wa Septemba 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala 930 kwa siku moja, na wengine waliendelea kuzitundika karatasi zao za zamani. Yapasa kulitazama jina la kampuni katika orodha ya wakati huo huo.

Ishara ya pili ni fedha. Kwa kazi za nyumbani Saudi Arabia, viza na nauli ya ndege hulipwa na mwajiri. Msichana anayeambiwa auze shamba la baba yake ili apate kazi ya kufagia huko, na asimame hapo hapo. Kuuza shamba ni kukata njia ya kurudi, na anayesafiri kwa deni huvumilia mabaya ambayo angeyakataa, kwa kuwa akifikiri kurudi humwona mdai amekaa mlangoni.

Ishara ya tatu ni viza ya kutembea. Akiambiwa aingie Dubai kama mgeni wa matembezi, kisha "mambo yatatengenezwa huko", msafiri na ajue kwamba kufanya kazi kwa viza hiyo ni kuvunja sheria ya nchi, na atakayekamatwa ni yeye, si wakala. Na mtu akipewa tiketi ya nchi isiyo ile iliyotajwa katika mkataba, asiende kabisa. Tangu mwaka 2022 zimejulikana habari za Wakenya walioahidiwa kazi Thailand, wakavushwa kwa magendo hadi Myanmar, wakafungiwa humo na kulazimishwa kuwaibia watu fedha kwa njia ya kompyuta.

MKATABA

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uandikwe, utiwe saini na pande zote, na ushuhudiwe na afisa wa kazi wa serikali. Afisa huyo hana ruhusa ya kuushuhudia mpaka ameridhika kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, bila kutishwa wala kudanganywa, na kwamba afya yake yatosha kwa kazi hiyo. Kumshawishi mtu aende kufanya kazi ng'ambo bila kuifuata njia hiyo ni kosa mbele ya sheria. Anayesema kwamba afisa wa kazi huchelewesha mambo, na kwamba iko njia ya mkato, amekwisha kujieleza mwenyewe alivyo.

Kabla ya kutia saini, msafiri na aangalie mambo haya katika mkataba: jina kamili la mwajiri na mji anaokaa, kazi yenyewe ni ipi, na katika nyumba ngapi, mshahara ni kiasi gani, kwa fedha gani, na utalipwa kwa njia gani, saa za kazi na siku ya kupumzika, muda wa mkataba, nani atalipa matibabu, na nani atalipa nauli ya kurudi. Mkataba una maandishi ya Kiarabu kwa upande mmoja, na mbele ya hakimu wa huko maandishi hayo ndiyo yenye nguvu. Yafaa yasomwe na mtu ajuaye Kiarabu, na watu kama hao hawakosekani Bungoma wala Kitale.

Katika mshahara, hesabu ifanywe kwa kalamu. Rial ya Saudia imefungwa na dola tangu mwaka 1986: rial 3 na senti 75 kwa dola moja. Kwa hiyo rial 900 ni dola 240, wala si zaidi. Mtu akishajua hivyo, na aulize bei ya dola siku hiyo benki, apige hesabu ya shilingi, kisha atoe karo, matumizi ya mama na deni kama lipo. Kinachobaki ndicho cha kulinganishwa na faida ya kubaki nyumbani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

VITU VYA KUACHA NYUMBANI

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Watu hujitahidi sana kutafuta pasipoti, cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, cheti cha daktari na mafunzo ya kabla ya safari. Hayo yote ni lazima, na mengi yake huanzia Huduma Centre za Bungoma na Kitale. Lakini siku ya safari karatasi zote huingia katika mkoba mmoja, na mkoba huondoka na msafiri. Nyumbani hubaki kumbukumbu tu: "Amekwenda Saudia." Siku simu ikizimika, mama huenda kwa chifu, chifu huuliza jina la mwajiri, na mama hana la kujibu. Saudi Arabia ni nchi ya watu zaidi ya milioni 30. Bila jina la mwajiri, bila mji, bila namba ya pasipoti, hata ofisi iliyo tayari kusaidia haijui pa kuanzia.

Kwa hiyo bahasha moja na ibaki nyumbani, mahali pakavu, kwa mtu mmoja mwenye akili timamu na mwingine wa pili wa kumsaidia. Ndani yake ziwekwe nakala ya pasipoti, ukurasa wa picha na wa viza. Nakala ya mkataba mzima. Jina la wakala wa Kenya na la wakala wa huko. Jina la mwajiri, namba yake ya simu na mji wake. Nakala ya tiketi. Picha ya msafiri. Na namba za ubalozi. Nakala hizo hizo zipigwe picha na kuwekwa katika simu za watu wawili. Chifu au mzee wa kijiji naye na ajue nani ameondoka na amekwenda wapi. Si aibu kutangaza safari. Wakala anayemwambia msichana aifiche safari hata kwa wazazi wake ana jambo analoogopa.

Yapo na mapatano ya kufanywa kwa mdomo. Msafiri na jamaa zake wapatane siku ya kupigiana simu, na kwamba zikipita siku kadhaa kimya, waliobaki waanze kuuliza bila kungoja. Wapatane pia neno moja la kawaida, kama salamu kwa mtu fulani aliyekwisha kufa, ambalo likisemwa katika simu waliobaki watajua kwamba kuna taabu, ingawa mwenye nyumba amesimama karibu akisikiliza.

Mtoto anayeachwa naye asisahauliwe. Iandikwe barua, mbele ya chifu, kuonyesha ni nani atakayemlea, atakayempeleka hospitali na atakayesimama kwa mwalimu. Cheti chake cha kuzaliwa kibaki na mlezi huyo.

AKIISHA KUFIKA

Afikapo, msafiri na apeleke nyumbani jina la mtaa anaokaa, na picha ya kadi ya ukaaji akiipata. Saudi Arabia kadi hiyo huitwa iqama, na ni wajibu wa mwajiri kuitafuta. Asitie saini karatasi asiyoielewa. Akilipwa, aandike tarehe na kiasi katika daftari ndogo, kwa maana kesi ya mshahara hushindwa na asiye na kumbukumbu.

Desturi za nyumba ya watu ziheshimiwe. Mwezi wa Ramadhani mtu asile wala kunywa hadharani mchana. Asipige picha za watu wa nyumba. Pombe imekatazwa Saudi Arabia na Kuwait. Miraa, ambayo hapa huuzwa kando ya barabara, ni kosa kubwa huko, na hata dawa nyingine za maumivu zinazouzwa katika maduka ya dawa hapa zaweza kumfunga mtu bila cheti cha daktari. Kwa sababu hiyo hapana msafiri anayepaswa kubeba furushi la mtu mwingine, hata la rafiki. Kwa wanaofanya kazi juani, nchi hizo hukataza kazi za nje saa za adhuhuri wakati wa kiangazi kikali. Saudi Arabia ni tangu saa 6 hadi saa 9 mchana, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Mwenye kizunguzungu na asione haya kusema.

TAABU IKITOKEA

Anayepigwa, anayenyimwa chakula au mshahara, au anayeingiliwa kwa jeuri, asitorokee mtaani kwa watu wanaomwahidi kazi ya magendo. Hapo hugeuka mtoro, na wabaya hupata mtu asiyeweza kushtaki. Akipata njia ya kutoka, na aende moja kwa moja kwa polisi, ofisi ya kazi au ubalozi wa Kenya, naye awaarifu walio nyumbani ni wapi amekwenda. Katika Falme za Kiarabu na Qatar polisi huitwa kwa namba 999. Saudi Arabia, wizara inayosimamia kazi hupokea malalamiko kwa namba 19911.

Jamaa waliobaki, bahasha yao mkononi, waende kwa wakala aliyempeleka, kwa sababu yeye ndiye mwenye wajibu wa kwanza, na siku hiyo hiyo wapeleke habari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira na kwa Wizara ya Mambo ya Nje. Ikiwa wakala alidanganya, wapeleke taarifa kwa polisi, maana tangu mwaka 2010 Kenya ina sheria inayoadhibu biashara ya kusafirisha watu. Wahifadhi kila risiti na kila ujumbe wa simu. Kumtukana wakala hakurudishi mtu, lakini karatasi zaweza kumrudisha.

KURUDI

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mkataba wa miaka miwili huisha. Anayetuma kila senti nyumbani bila kuweka akiba kwa jina lake mwenyewe aweza kurudi Myanga na kukuta nyumba ya mtu mwingine imesimama kwa jasho lake. Na awe na akaunti yake benki au katika chama cha akiba na mikopo kabla ya kuondoka, ajue ni kiasi gani kitakwenda huko kila mwezi, na jamaa zake waambiwe mapema kiasi kilichobaki ndicho chao. Wao nao wakumbuke kwamba simu inayoomba fedha kila juma humfunga mtu katika nyumba mbaya kuliko kufuli la mwajiri.

Nchi za kigeni zitaendelea kuwahitaji wafanyakazi, na vijana wa Myanga wataendelea kwenda. Anayetaka kwenda na achukue muda wa kuitazama orodha ya mawakala, kuusoma mkataba mbele ya afisa wa kazi, na kuijaza ile bahasha. Na mzazi anayeletewa habari kwamba mwanawe anaondoka kesho, asianze kuuliza mshahara ni kiasi gani. Aulize kwanza: "Jina la mwajiri wako ni nani, na limeandikwa wapi?" Kama hapana jibu, safari hiyo bado haijawa tayari.